Nikienda kuchanjwa, si nitakuwa nimemhukumu bibi yangu?

Shikamoo Bi Mkunga,

Naandika kutoka Newala. Kijiji sikitaji kwa sababu ni kidogo, tunajuana wote. Nina miaka 22, nimeolewa, na nina mimba ya miezi sita. Hii ni ya pili. Ya kwanza nilijifungua Novemba mwaka juzi, mtoto wa kiume. Aliishi siku tisa.

Naomba nikueleze yote, maana nusunusu nimeshawaeleza watu wengi, na majibu yao yamekuwa nusunusu vilevile.

Mimba ile nilihudhuria kliniki mara moja, ikiwa na miezi mitano. Nilipimwa, nikapewa vidonge vya kuongeza damu, nikachomwa sindano ya begani, wakasema ni ya pepopunda na nirudi baada ya wiki nne. Niliporudi nesi akaniuliza mume yuko wapi. Nikasema yuko Masasi, amechukua kazi ya kupulizia dawa mikorosho ya watu. Akasema sihudumiwi bila mume, au nikalete barua ya mwenyekiti wa kijiji. Aliyasema hayo benchi limejaa, watu wakanigeukia kama vile mimba yangu haina mwenyewe. Nikajitanda kanga yangu nikaondoka. Sikurudi tena.

Novemba tulikuwa tumehamia shamba kuokota korosho, mimi na bibi yangu mzaa mama. Yeye ndiye aliyenilea tangu mama alipofariki. Uchungu ulinianza usiku, mvua inanyesha, bodaboda haifiki kule. Bibi akanizalisha. Si mara yake ya kwanza, nusu ya kijiji wamepita mikononi mwake. Kitovu alikikata kwa wembe mpya, nilimwona akiutoa kwenye karatasi yake. Akafunga kwa uzi, akapaka mafuta ya nazi na majivu, kama alivyowafanyia wote. Mtoto alilia vizuri na akanyonya vizuri.

Siku ya sita akawa hawezi kushika titi. Analitafuta, analipata, lakini mdomo haufunguki. Siku ya saba mwili ukakakamaa, mgongo ukapinda, vidole amevikunja. Tukimgusa anakakamaa zaidi. Hata sufuria ikianguka, anakakamaa. Watu wakasema ni dege. Akafukizwa, akafungwa hirizi. Siku ya tisa alfajiri akafariki. Jina alikuwa hajapewa, tulikuwa tunamsubiri baba yake arudi.

Sasa wiki mbili zilizopita mhudumu wa afya wa jamii alipita nyumbani. Nilipomsimulia akasema dalili zile ni kama za pepopunda, akanisisitiza niende nikachanjwe mapema. Bibi alikuwa barazani anamenya ming'oko, akasikia kila neno. Tangu siku ile ananijibu "ndiyo" na "hapana" tu. Usiku mmoja nilimsikia analia.

Wakati huohuo mama mdogo aliyeko Dar es Salaam amenitumia sauti ya WhatsApp. Mwanamke anaeleza kwamba chanjo ya pepopunda inafunga kizazi, ndiyo maana wanachomwa wanawake peke yao, na kwamba maaskofu wa Kenya waliikataa. Mama mdogo akaongeza yake: "Ulichomwa ile ya kwanza mtoto akafa. Sasa unataka wakumalize kabisa?" Mume wangu si mtu wa kukataa hospitali. Mwaka jana alikanyaga msumari kwenye ghala la korosho, akachomwa sindano, akapona. Lakini anasema yeye amekuja kuoa kwetu, mambo ya uzazi yaamuliwe na wazee wangu.

Ninauliza hivi. Kama nilichomwa, kwa nini mtoto alikufa? Je, ni kweli inafunga kizazi? Na la tatu ndilo linaloninyima usingizi: nikienda kuchanjwa, si ni kama kumwambia bibi kwamba yeye ndiye aliyemuua mtoto wangu? Sina mama mwingine duniani. Kadi ya ile mimba ililowa mvua ikaoza, sina ushahidi wowote.

Kwetu mwanamke akishazaa huitwa kwa jina la mtoto. Mimi nimezaa, lakini hakuna aliyewahi kuniita. Kwa hiyo najiandika hivi:

Mama Asiyeitwa, Newala

*

Marahaba mwanangu.

Pole sana. Najua pole ya mwaka juzi imechelewa, lakini barua yako inaonyesha kwamba waliokuja msibani walikupa pole ya siku moja wakaendelea na korosho zao, kwa sababu mtoto alikuwa mchanga na hakuwa na jina. Alikuwa mwanao. Ulimbeba miezi tisa na ukakaa naye siku tisa. Pole.

Nitajibu maswali yako yote, na la bibi nitalikalia zaidi. Ila kuna jambo haliwezi kungoja mwisho wa barua: nenda kliniki wiki hii. Una miezi sita, kwa hesabu yako utajifungua mwezi wa kumi. Ukichomwa wiki hii, baada ya wiki nne utachomwa ya pili, na mwili wako utabaki na muda wa kutosha kutengeneza kinga na kumpitishia mtoto. Sindano ya pili inatakiwa iwe imeingia angalau wiki mbili kabla ya kujifungua. Kwa hiyo muda upo, ila si wa kukaa kikao cha ukoo.

Sasa swali la kwanza, kwa sababu naona mama mdogo amelijengea nyumba nzima juu yake.

Ulichomwa moja, mtoto akafa. Mwanangu, sindano moja haitoshi. Ya kwanza inaufundisha mwili kumtambua adui. Ya pili ndiyo inayoufanya utoe kinga nyingi kiasi cha kuvuka kwenye kondo la nyuma na kumfikia mtoto. Jambo hili limejulikana muda mrefu. Huko Colombia ulifanyika utafiti vijijini, ukachapishwa mwaka 1966. Wanawake waliochomwa sindano mbili au zaidi, hakuna mtoto wao hata mmoja aliyekufa kwa pepopunda. Waliochomwa moja tu, watoto wao hawakupata kinga ya kutegemewa. Mwanao alizaliwa na mama mwenye sindano moja. Chanjo haikumuua, wala haikushindwa kazi. Ilikatizwa njiani, siku ile ulipogeuzwa kwenye benchi.

Hapo kwenye benchi nitarudi, kwa sababu pananiuma.

Je, ilikuwa pepopunda kweli? Mimi sikumwona mtoto, na anayetoa hukumu ya ugonjwa kwa barua anakudanganya. Wachanga hukakamaa kwa sababu nyingi: wengine walikosa hewa wakati wa kuzaliwa, wengine wana maambukizi ya damu au ya ubongo, wengine sukari imeshuka. Lakini umeandika jambo moja ambalo mkunga yeyote wa zamani akilisoma anasimama. Mtoto alinyonya vizuri siku za mwanzo, kisha kati ya siku ya tatu na ya ishirini na nane akashindwa kufungua mdomo, halafu akaanza kukakamaa kila akiguswa au akisikia kishindo. Mtoto aliyeumia wakati wa kuzaliwa mara nyingi hanyonyi vizuri tangu mwanzo. Yule aliyenyonya halafu mdomo ukafunga, tunafikiria pepopunda kwanza.

Nimefanya ukunga miaka 31, Lindi na Mtwara, na watoto hao niliwahi kuwauguza nikiwa nesi kijana. Tuliwaweka chumba chenye giza, madirisha tumeyafunika kwa mashuka, na sisi wenyewe tulivua viatu mlangoni, kwa sababu kishindo cha kiatu tu kinamrudisha mtoto kwenye mkakamao. Walipona wachache sana. Kinachotisha ni kwamba sumu ile inashika mishipa ya fahamu ya misuli, akili inabaki. Ulipoona analitafuta titi, alikuwa analitaka kweli. Nakwambia hili najua linaumiza, ila nadhani ulishalijua, ndiyo maana umeliandika.

Tuje kwa bibi.

Vijidudu vya pepopunda vinaishi ardhini, kwenye vumbi na kwenye kinyesi cha wanyama. Mbegu zake ni ngumu ajabu, zinaweza kukaa kwenye udongo miaka na miaka zikingoja, na hata maji yakichemka hazifi kirahisi. Zikiingia kwenye kidonda kisichopata hewa, ndipo zinaamka na kutoa sumu. Kitovu kilichokatwa ni nyama inayokufa taratibu, na ukikifunika kwa majivu na mafuta unazidi kukinyima hewa. Majivu watu wanayaamini kwa sababu yametoka motoni, nao moto unasafisha. Lakini majivu hayakai motoni. Yanakaa chini, kati ya mafiga, yanachanganyika na vumbi la miguu, ya watu na ya kuku.

Kwa hiyo, majivu yangeweza kuwa njia? Ndiyo, yangeweza. Vilevile mkeka ungeweza, uzi ungeweza, sakafu ya dungu la shambani ingeweza, hata mikono iliyoshika jembe mchana wake. Hakuna wa kujua leo. Ninachokijua mimi ni kwamba mama aliyekamilisha sindano zake humpa mwanawe kinga kubwa hata akizaliwa shambani, usiku, kwenye mvua. Shambani pale hakukukosekana umakini wa bibi. Bibi alifungua wembe mpya! Mwanamke wa umri wake, shambani, usiku, ana wembe mpya kwenye karatasi amekuandalia. Kilichokosekana ni sindano ya pili, na hiyo haikuwa mikononi mwake.

Kwa hiyo usimwendee na neno pepopunda. Neno hilo ameshalisikia barazani na limeshamkata. Mwendee na safari. Mwambie, "Bibi, Jumatano naenda kliniki, nataka wewe ndiye unisindikize." Akikataa, mwambie tena kesho yake. Mpe mkoba akushikie. Mkifika, akae nawe ndani, nesi akiuliza maswali ya mimba ya kwanza mwache bibi ndiye aeleze, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwepo na anakumbuka kuliko wewe uliyekuwa na uchungu. Mtu aliyepewa nafasi ya kueleza hajioni ameshitakiwa. Nimeona wakunga wa jadi wengi walioletwa kliniki kwa namna hiyo, na baada ya mwezi wao ndio waliokuwa wanawaleta wasichana wengine kwa kuwashika mkono.

Kipande kinachofuata msomee yeye, jioni, mkiwa wawili.

Shikamoo bibi. Mimi ni mkunga mwenzio. Nilisomea chuoni, wewe ulifundishwa na mama zako, lakini tumeamshwa usiku sawasawa. Nilipoanza kazi nilifundishwa kupaka spiriti kwenye kitovu cha kila mtoto, nikapaka miaka mingi, nikiamini namlinda. Baadaye tukaambiwa tuache, kitovu kinapona chenyewe kikiachwa kikavu. Sikujiona muuaji, nilijiona nimefundishwa jambo jipya. Wewe ulifanya kwa huyu mtoto kile ulichowafanyia wote, na mikono yako ilikuwa peke yake mahali pasipofika gari wala bodaboda. Mjukuu wako hakulaumu, ameniandikia kurasa mbili na hakuna mstari wa lawama. Analia kwa sababu umenyamaza. Anakuhitaji Oktoba kuliko alivyokuhitaji Novemba ile. Nenda naye.

Sasa hiyo sauti ya WhatsApp. Nitaijibu kwa heshima, kwa sababu anayeogopa kufungwa kizazi anaogopa kitu kikubwa, hasa mwanamke aliyeshazika.

Ni kweli kwamba mwaka 2014 maaskofu wa Kanisa Katoliki nchini Kenya walipinga kampeni ya chanjo ya pepopunda wakidai ina homoni ya mimba ndani yake. Hilo halikubuniwa. Serikali ya Kenya ikakanusha, na Shirika la Afya Duniani pamoja na UNICEF wakatoa tamko kwamba chanjo ile ni salama. Na kuna mzizi wa uvumi wenyewe: miongo iliyopita, India, wanasayansi walifanya utafiti wa chanjo ya kuzuia mimba, wakaiambatanisha homoni hiyo na kiini cha pepopunda ili mwili uitambue. Ule ulikuwa utafiti wa kitu kingine kabisa. Kilichoko kwenye friji ya zahanati yako ni sumu ya pepopunda iliyovunjwa makali, na siku hizi katika kichupa hichohicho kuna kinga ya dondakoo. Hakuna kijidudu hai ndani yake. Homoni inayosemwa, kwa taarifa yako, ndiyo ile inayotafutwa na kipimo cha mkojo kujua kama una mimba. Kwako sasa hivi imejaa mwilini na wala haikudhuru.

"Mbona wanachomwa wanawake tu?" Muulize mumeo alichomwa nini baada ya ule msumari. Kwa kawaida aliyekanyaga msumari au kujikata panga huchomwa sindano ya tetenasi, na tetenasi ndiyo pepopunda yenyewe kwa jina la hospitali. Alichomwa mwaka jana. Mimba yako ina miezi sita. Hesabu hiyo mpelekee mama mdogo. Mjamzito anatafutwa zaidi kuliko wengine kwa sababu kwake sindano inaingia kwenye mkono mmoja na kulinda watu wawili, na mchanga hana njia nyingine ya kupata kinga katika wiki zake za mwanzo, maana chanjo yake mwenyewe ya pepopunda inaanza akiwa na wiki sita.

Na hapa niseme kitu ambacho nimekiona huku kusini. Tangu mwaka 2018 wasichana wanachanjwa dhidi ya saratani ya mlango wa kizazi. Ni chanjo nyingine, ya ugonjwa mwingine. Lakini neno "kizazi" limo kwenye jina lake, na mtu akisikia "wasichana", "sindano" na "kizazi" katika sentensi moja, hofu inamalizia yenyewe. Nimewasikia watu wazima wakizichanganya hizi mbili kana kwamba ni moja. Natamani makungwi wetu wapewe maelezo haya kabla ya msimu wa unyago, maana mwali hamsikilizi nesi kama anavyomsikiliza somo wake.

Baada ya sindano bega litauma siku moja au mbili, pengine livimbe kidogo, pengine upate homa ndogo. Basi. Mimba haidhuriki, iwe changa au kubwa.

Kadi iliyooza isikuzuie. Mweleze nesi kwamba ulichomwa moja mwaka juzi, mwombe aangalie rejista ya kliniki ya mwaka ule. Akikuta jina lako, ile moja inahesabiwa, haijaisha nguvu kwa kuwa muda umepita. Asipokuta, ataanza upya, na kuchomwa moja ya ziada hakuna madhara. Kadi mpya itie kwenye mfuko wa plastiki, uifunge, uitundike juu ya dari na siyo chini ya godoro. Kisha usiishie kwenye mbili. Ya tatu ni miezi sita baada ya ya pili. Hesabu inakuangukia mtoto akiwa na miezi kama minne, utakuwa bado unampeleka kliniki ya watoto, kwa hiyo nyoosha na wewe mkono. Ya nne mwaka mmoja baadaye, ya tano mwaka mwingine. Ukimaliza hizo tano, umekingwa umri wako wote wa kuzaa.

Nilisema nitarudi kwenye benchi.

Kumhimiza mume aje kliniki ni jambo jema, mimi mwenyewe nimewahimiza sana, wapimwe wote wawili na baba asikie kwa masikio yake. Lakini kumrudisha mjamzito nyumbani kwa sababu mume yuko kwenye kibarua ni kosa, na kumwaibisha mbele ya benchi zima ni kosa la pili. Wewe ulikuja tarehe uliyopangiwa. Ulifanya sehemu yako. Ikitokea tena, usiondoke. Omba kuonana na mganga mfawidhi wa zahanati, mwambie kwa sauti ya kawaida: "Nimekuja kwa sindano ya pili ya pepopunda, mtoto wangu wa kwanza alikufa." Kama haisaidii, kuna kamati ya afya ya zahanati, kuna mtendaji wa kata, kuna Mganga Mkuu wa Wilaya. Bibi akiwa pembeni yako sidhani kama mtafika huko.

Nadhani sehemu ya tatizo ni mafanikio yetu wenyewe. Mwaka 1988 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba wachanga 787,000 walikufa kwa pepopunda duniani kote kwa mwaka mmoja. Kufikia 2018 wamekadiriwa kuwa 25,000. Tanzania mwaka 2012 ilithibitishwa kuwa imeitokomeza pepopunda ya akina mama na wachanga. Maana yake ni kwamba katika kila wilaya wanaougua ni chini ya mmoja kwa kila watoto 1,000 wanaozaliwa hai, wala haina maana kwamba hakuna. Siku hizi nesi anaweza kumaliza chuo na kufanya kazi miaka kumi bila kuviona vile vidole vilivyokunjwa. Akimwona msichana amekuja bila mume, anaona utaratibu umevunjwa, haoni mtoto. Sisi tuliovua viatu mlangoni tungekukimbilia. Na huu si ugonjwa ambao utakwisha kama ndui ilivyokwisha, kwa sababu haukai kwa watu. Uko kwenye udongo wa uwanda wa Makonde leo, utakuwepo kesho, na kila msichana mpya anayeshika mimba anatakiwa achanjwe kama vile hakuna aliyewahi kuchanjwa kabla yake.

Wakunga wenzangu mnaosoma hapa, naomba mwenye mimba akija siku yake, bila mume, bila barua, bila kadi, achomwe kwanza. Mengine yafuate.

Mwanangu, bado kuna Oktoba. Korosho zitakuwa zinaanza kudondoka na watu watahamia shamba kama kawaida. Wewe usihamie. Zungumza na mumeo sasa, naye aache kujiita mgeni, kwa sababu mtoto huyu ni damu yake hata kama nyumba ni ya kwenu. Kazi yake ni kuweka kando nauli ya bodaboda na ya gari, kujua namba ya dereva anayekubali kuja usiku, na kununua mapema vitu ambavyo zahanati yenu huwaambia wajawazito waje navyo. Huduma ya uzazi kwenye vituo vya serikali ni bure, lakini sote tunajua glovu na pamba vinaweza kukosekana siku unayofika. Kama kwenye hospitali ya karibu kuna nyumba ya kusubiria wajawazito, nenda ukakae huko wiki mbili za mwisho. Bibi aende nawe.

Mtoto akizaliwa, kitovu msikiguse kwa kitu chochote, si mafuta, si majivu, si maziwa ya mama, si dawa ya kienyeji. Kikae kikavu, nepi ifungwe chini yake. Bibi ndiye awe mlinzi wa kitovu. Kila shangazi atakayeingia na kikopo cha mafuta akutane naye mlangoni. Hiyo ni kazi ya mtu mzima mwenye heshima, wewe msichana wa miaka 22 hutaweza kuwakatalia, yeye ataweza. Na mchanga yeyote anayeacha kunyonya ghafla, hata kama hana homa, anapelekwa hospitali saa hiyohiyo. Mafusho yasimcheleweshe.

Arobaini ikishapita, niandikie tena. Safari hii mwishoni mwa barua uweke jina unaloitwa, mama nani.

Bi Mkunga